Springboks wawili waliobaki Tanganyika: kisa cha Jackie Morkel na Tommy Thompson

Tarehe 4 Januari 1913 Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, waliwafunga England 9-3 katika uwanja wa Twickenham, London. England walikuwa hawajapoteza mechi hapo tangu uwanja uanze kutumika kwa mechi za kimataifa mwaka 1910. Mechi nzima ilikuwa na trai mbili tu (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani), na enzi hizo trai ilikuwa na pointi tatu. Ya England aliipata Ronald Poulton, kijana aliyesifika kwa kuwakwepa mabeki bila kupunguza mbio. Ya Afrika Kusini aliipata Jackie Morkel, senta kutoka Somerset West, karibu na Cape Town. Dougie Morkel akaongeza penalti mbili, na mambo yakaishia hapo.

Miaka mitatu na miezi minne baadaye, wafungaji wote wawili wa trai walikuwa wamekufa. Poulton aliuawa kwa risasi ya mdunguzi tarehe 5 Mei 1915 kwenye msitu wa Ploegsteert, Ubelgiji. Alikuwa ameiongoza England kama nahodha mwaka 1914, na hadi leo jina lake ni la kwanza kutajwa wanaraga wa Uingereza wanapokumbuka wenzao waliokufa vitani. Morkel alikufa tarehe 15 Mei 1916, akiwa na miaka 25, na kilichomuua ni kuhara damu. Alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara (Tanganyika). Wiki tano baada yake, tarehe 20 Juni, mwenzake wa ziara ileile, Gerald Thompson aliyeitwa Tommy, aliuawa kwenye mapigano ya Kang'ata, kusini ya Handeni. Wote wawili wamo katika Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaibua swali ambalo orodha za kumbukumbu za michezo huwa hazilifikii. Wachezaji wa kimataifa wa raga waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ni takriban 130. Wana vitabu, vibao na mageti kwenye viwanja, na kila Novemba majina yao husomwa. Hilo ni jambo jema na sina ugomvi nalo. Ninachokidai ni kwamba huwezi kumkumbuka Morkel sawasawa ukimchomoa kwenye udongo alikofia na kumtenga na watu waliokufa naye kwa ugonjwa uleule. Ukimweka kwenye orodha ya raga peke yake unapata mchezaji hodari aliyekufa kijana. Ukimrudisha Tanganyika ya 1916, kifo chake kinaanza kueleweka.

Timu ya 1912

Springboks waliosafiri Ulaya mwaka 1912 chini ya nahodha Billy Millar walicheza mechi 27 na kupoteza tatu, kwa Newport, kwa timu ya London na kwa Swansea. Mechi za mataifa walishinda zote tano: Scotland 16-0, Ireland 38-0, Wales 3-0, England 9-3, kisha Ufaransa 38-5 mjini Bordeaux. Kabla yao hakuna timu ya ziara iliyokuwa imezifunga zote nne za visiwa vya Uingereza na Ireland katika safari moja. Morkel alicheza mechi zote tano, na dhidi ya Ireland alipata trai mbili. Thompson, mchezaji wa mbele, alicheza tatu za kwanza, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo wapinzani walipata trai. Sifa ya ulinzi wa namna hiyo ni ya watu wa mbele, wale wanaosukumana kwenye skramu na kulalia mipira bila majina yao kuandikwa kwenye safu ya wafungaji.

Jina la Morkel lilikuwa zito katika raga ya Afrika Kusini. Watu kumi wa ukoo huo waliivaa jezi ya Springboks kati ya 1903 na 1928. Sijui ukoo mwingine wowote unaoukaribia huo.

Wanaume hawa walifikaje Kondoa na Handeni? Afrika Kusini ilikuwa muungano mpya, wa mwaka 1910, na miaka minane tu kabla ya hapo Makaburu na Waingereza walikuwa wakipigana wao kwa wao. Vita vilipoanza 1914, serikali ya Louis Botha na Jan Smuts, majenerali wa zamani wa Makaburu, ilisimama na Uingereza. Kwanza wakaiteka Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani, Namibia ya leo, kazi iliyomalizika Julai 1915 bila kumwaga damu nyingi. Februari 1916 Smuts akachukua uongozi wa majeshi ya Afrika Mashariki na kuleta maelfu ya wanajeshi wa kujitolea kutoka kwao. Wengi waliamini itakuwa kama Namibia: farasi, mwendo wa haraka, adui anazungukwa, mnarudi nyumbani. Morkel aliingia kwenye skauti wa Jenerali Jaap van Deventer, watu wa farasi. Thompson alikuwa askari wa kawaida asiye na cheo katika kikosi cha tano cha askari wa miguu cha Afrika Kusini.

Namibia ni jangwa. Tanganyika ilikuwa na mbung'o, mbu, mito na masika. Mipango ya Smuts haikuonyesha kama tofauti hiyo imeeleweka.

Masika ya Kondoa

Mwanzoni mwa Aprili 1916 Van Deventer alitoka upande wa Arusha, akakiteka kilima cha Lolkisale, akaendelea kusini. Tarehe 19 Aprili brigedi yake ya farasi ikaingia Kondoa Irangi. Kwenye ramani ya Smuts yalikuwa mafanikio makubwa, maana kutoka Kondoa unaitishia reli ya kati pale Dodoma. Lakini masika yalikuwa yameshafunguka. Nyuma yao, barabara ya kurudi Moshi, zaidi ya kilomita 300, ikageuka matope. Magari yakakwama, maksai wakafa, na farasi wakafa kwa mamia kwa ugonjwa wa farasi na wa mbung'o. Watu waliokuja kupigana juu ya farasi wakabaki kwa miguu, tena mbali kuliko popote ambapo chakula kingeweza kuwafikia kwa uhakika.

Mwanajeshi wa Kondoa mwezi ule alikuwa anakula nusu ya posho au pungufu. Unga ulikuwa wa mahindi, mara nyingi wa kusagwa vibaya, na kuni zilikuwa zimelowa, kwa hiyo uji au ugali ulitoka nusu mbichi. Kula hivyo siku nyingi na matumbo yanaanza kuchubuka. Maji yalichotwa kwenye mito na madimbwi ambayo watu na wanyama waliyatumia pamoja, na mvua ilisomba uchafu wa kambi nzima ikaurudisha kwenye maji yaleyale. Quinine ilikuwa haba, blanketi na mahema yalikuwa bado njiani, kwa hiyo mtu mwenye malaria alilala kwenye unyevu, na akipata kuhara damu hana nguvu ya kupambana nayo. Mgonjwa aliyetakiwa kupelekwa hospitali ya nyuma alipitishwa kwenye barabara ileile iliyokwamisha chakula.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alilishambulia jeshi la Kondoa. Alikuwa amekusanya sehemu kubwa ya askari wake akitumaini kulivunja lingali limedhoofika. Mashambulizi yalirudishwa, na wengi waliouawa walikuwa askari wa Kiafrika wa upande wa Wajerumani. Siku tano baadaye Morkel akafa kwa ugonjwa. Mtu aliyekuwa na mwili wa kucheza mechi tano za kimataifa katika wiki saba hakuhitaji risasi.

Naye hakuwa kesi ya peke yake. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu cha Afrika Kusini kilianza Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, waliobaki na afya ya kufanya kazi walikuwa 116, na si kwamba kilikuwa kimepigana sana. Kabla mwaka haujaisha Waafrika Kusini zaidi ya 12,000 walirudishwa kwao kwa sababu ya maradhi. Kuna waliosema wakati ule kwamba ni bahati mbaya, hali ya hewa ya tropiki. Mimi naona ni uamuzi wa jenerali aliyependa kasi kuliko jikoni. Smuts aliyasukuma majeshi mbele ya chakula chao mara kwa mara, Kondoa kisha Handeni kisha Morogoro, na kila mara gharama ililipwa na matumbo ya watu.

Kang'ata

Kifo cha Thompson ni cha namna nyingine, na kinasimuliwa kwa ufupi kwa sababu mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Mei 1916, mvua zilipopungua, Smuts alishuka na bonde la Pangani. Handeni ilishikwa katikati ya Juni. Tarehe 20, maili nane kusini mwa mji, kikosi cha tano kiliwakuta Wajerumani wamejificha kwenye kichaka kizito pale Kang'ata. Vichaka vya eneo lile havikuruhusu kuona mbali. Unasikia bunduki ya rashasha kabla hujamwona mtu. Ripoti ya Smuts mwenyewe inakiri kwamba kikosi kilipata hasara kubwa, lakini kilishikilia pale kilipo mpaka adui akaondoka. Hapo ndipo Tommy Thompson aliuawa. Siku nne baadaye jeshi lilikuwa mto Lukigura, likiendelea kusini.

Kang'ata bado ipo. Ni kata katika wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, na watu wake wanalima mahindi. Katika maandishi ya raga mahali hapa hutajwa kwa neno moja mwishoni mwa wasifu, kisha sentensi inafungwa. Mapigano ya Somme na Passchendaele, huko Ulaya, yameandikiwa maktaba nzima. Afrika Kusini yenyewe iliweka kumbukumbu yake kubwa ya vita hivyo Delville Wood, Ufaransa, ambako brigedi yake iliteketea Julai 1916, na mnara wa huko ukafunguliwa 1926. Toby Moll, Springbok wa 1910, alikufa kwa majeraha eneo hilohilo la Somme mwezi huohuo. Msiba wa Ufaransa ulikuwa mkubwa kiasi cha kuufunika ule wa Tanganyika hata kwa Waafrika Kusini weupe, ambao majina yao yaliandikwa kwa uangalifu. Kama wao walisahauliwa hivyo, wale ambao hawakuandikwa je?

Waliobeba

Jeshi lililomfikisha Morkel Kondoa na Thompson Kang'ata lilisafiri juu ya vichwa vya watu. Mbung'o walipoua wanyama na matope yalipozuia magari, kilichobaki ni mpagazi. Hesabu yake ni ya kutisha ukikaa ukaifikiria. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 23. Yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, karibu mzigo wote ameula yeye, na askari wa mbele amepata makombo. Basi ama uongeze wapagazi kwa maelfu, ama upunguze posho ya mpagazi. Waingereza walifanya yote mawili. Katika vita vizima waliandikisha watu karibu milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Afrika Magharibi na kwingineko, wengi kwa kulazimishwa. Wajerumani nao walikamata wao.

Takwimu rasmi za Waingereza zilitaja wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi leo wanakadiria karibu 95,000. Wachache sana walipigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu aliyezoea kula ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi asioujua, bila muda wa kuupika, bila sufuria ya kutosha. Matumbo yaliharibika kwa njia ileile niliyoieleza hapo juu kuhusu Kondoa, na hii ndiyo sababu nimeieleza kwa kirefu. Ugonjwa uliomuua Jackie Morkel ndio uliowaua wapagazi wengi kuliko kitu kingine chochote.

Raia hawakupona pia. Kutoka Kondoa jeshi la Van Deventer lilishuka Dodoma, katikati ya Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, mmoja kati ya watano. Hao hawamo katika hesabu yoyote ya jeshi.

Majina yalivyoandikwa na yalivyoachwa

Sasa turudi makaburini, maana hapo ndipo kisa kinapofunguka.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri, na kwa wakati ule ya kimapinduzi: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe au kwenye mnara, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ndiyo maana Thompson, mtu asiye na cheo, anakumbukwa kwa namna ileile na kanali. Kwa askari weupe waliofia Tanganyika kanuni hiyo ilifuatwa.

Kwa Waafrika haikufuatwa, na haikuwa kwa kusahau. Mwaka 1922 ofisa wa tume aliandika kumbukumbu ya mazungumzo yake na Gavana Horace Byatt wa Tanganyika. Maoni ya gavana yalikuwa kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Hakupenda hata kuzitazama takwimu za waliokufa wakibeba mizigo mizito mno kwa chakula kidogo mno. Tume ikakubali. Badala ya majina, zikawekwa sanamu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya Dar ndiyo askari wa shaba anayesimama Posta, kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe, na watu wengi humpita kwenda kazini. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili ya kuwasifu askari na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, yakiahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja pale.

Utetezi uliozoeleka ni kwamba majina hayakujulikana. Huo haukubaliki. Kitengo cha wapagazi cha Nairobi, chini ya Oscar Watkins, kiliwaandikisha watu na kuwapa namba, kwa sababu walikuwa wakilipwa mshahara, na huwezi kumlipa mtu usiyemwandika. Palikuwa na madaftari. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyeona inafaa kuyageuza kuwa mawe.

Kuna kipande cha historia ya makaburi ya Barabara ya Bagamoyo kinachoonyesha jambo hili kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1968 makaburi 660 ya vita hivyo yalihamishwa kutoka makaburi ya zamani ya Barabara ya Ocean, kupisha ujenzi wa barabara mpya. Ndipo makaburi ya sasa yalipoanzishwa. Waliokuwa na mawe yao walihamishwa mmoja mmoja, kila mtu na jina lake. Lakini katika viwanja vilivyotengwa kwa Waafrika Wakristo, kwa Waislamu na kwa wasio Wakristo, makaburi hayakuwahi kuwekewa alama ya kila mtu. Walipofukuliwa hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani. Wakazikwa upya katika makaburi ya pamoja, kila moja na ukuta wake wa kumbukumbu. Miaka ya 1970 mwanzoni yakaletwa makaburi mengine kama 1,000 kutoka pande zote za Tanzania ambako matunzo hayakuwa na uhakika tena. Leo pamelala watu 1,764 wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa hiyo katika eneo moja, chini ya nyasi zinazokatwa na watunzaji walewale, yuko senta aliyefunga trai Twickenham, na wapo watu ambao huenda ndio waliombebea unga wa Kondoa. Yeye ana jina. Wao wana ukuta.

Nani angeweza kuwa "mchezaji wa kimataifa"?

Hapa orodha ya wanaraga inahitaji kuulizwa swali jingine. Raga ilichezwa na Waafrika na Makaladi (watu wa asili mchanganyiko) wa Rasi, eneo la Cape Town, tangu karne ya 19, na mwaka 1897 walikuwa tayari na bodi yao, South African Coloured Rugby Football Board, na mashindano yao. Jezi ya Springboks ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mchezaji wa kwanza asiye Mzungu kuivaa katika mechi ya kimataifa alikuwa Errol Tobias, mwaka 1981. Vivyo hivyo katika jeshi: serikali ya Muungano wa Afrika Kusini haikutaka kuwapa Waafrika bunduki. Iliwachukua kuwa vibarua, waendesha mikokoteni na wachungaji wa maksai, na maelfu yao walikuja Tanganyika pamoja na vikosi vya akina Morkel.

Walikuwamo wachezaji wa raga kati ya vibarua hao? Kwa jinsi mchezo ulivyoenea Rasi, ningeshangaa sana kama hawakuwamo. Lakini sharti la kuingia orodha ni kuwa umeichezea timu ya taifa, na timu ya taifa ilikuwa imefungwa. Ubaguzi wa 1912 uwanjani na ubaguzi wa 1922 makaburini ulimshika mtu yuleyule mara mbili.

Hili si lawama kwa Morkel wala Thompson. Hawakuandika sheria hizo, na walilipa kwa maisha yao kama wengine. Ila anayewakumbuka leo anao uwezo ambao wao hawakuwa nao.

Kilichotendeka, na kisichotendeka bado

Aprili 2021 tume ilitoa ripoti kuhusu ubaguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika, Waasia na wa Mashariki ya Kati, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walitumika Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Januari 2025 matunda ya kwanza makubwa yakaonekana Cape Town, kwenye bustani ya Company's Garden. Ni mnara wa vibarua Waafrika Kusini weusi 1,772 waliokufa katika vita hivyo barani Afrika bila makaburi yanayojulikana. Umejengwa kwa nguzo za mti wa mvule, kila nguzo ina jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Wengi wao walifia huku kwetu. Nguzo hizo zinanigusa kwa sababu zimevunja hoja ya karne nzima: majina yalikuwapo, yakatafutwa, yakapatikana. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kwa sababu hakuna aliyetaka kuyatafuta mapema.

Kwa wapagazi wa Tanganyika, Kenya na Uganda kazi bado ni mbichi. Idadi yao ni kubwa mara nyingi zaidi, madaftari yao yametawanyika, mengine yamepotea. Kariakoo ilikuwa kambi yao, leo ni soko, na wafanyabiashara wachache wanalijua hilo. Kungoja tume imalize peke yake ni kosa. Wilaya zenyewe zina la kufanya. Kondoa, Handeni, Kilosa, Songea, kila mahali pana familia ambazo babu alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi, na wajukuu waliosikia jina lake wanazeeka. Walimu wa historia wa sekondari wangeweza kuyakusanya majina hayo muhula mmoja tu, kwa daftari na kalamu.

Na wanaraga? Hawa wana kitu ambacho wanahistoria hawana, nacho ni watu wanaowasikiliza. Siku Springboks wanapotajwa, mamilioni hugeuka. Timu yenyewe siku hizi si ile ya 1912: Siya Kolisi, mtoto wa kitongoji cha Zwide, ameinyanyua Kombe la Dunia kama nahodha mara mbili, 2019 na 2023. Raga ya Afrika Kusini ikiamua kuwakumbuka waliokufa Afrika Mashariki, ingeweza kufanya jambo lisilo na gharama kubwa. Ije Dar es Salaam tarehe 20 Juni, siku ya Kang'ata, badala ya kungoja Novemba. Iwaalike watu wa Handeni na Kondoa. Iweke shada kwa Thompson na kwa Morkel, isimulie trai ya Twickenham na skramu dhidi ya Wales, maana watu hawa walikuwa wachezaji na wanastahili kukumbukwa kama wachezaji. Kisha ihamie kwenye kuta za makaburi ya pamoja, iweke shada la pili lenye ukubwa uleule, na isome majina yote ya wapagazi yatakayokuwa yamepatikana kufikia siku hiyo, hata kama ni kumi tu, na mwaka unaofuata isome zaidi.